Uzinduzi wa Kitasa cha Chumba cha Kujifungulia

(Uani mwa zahanati, saa nne asubuhi. Viti vya plastiki vimepangwa kuelekea mlango mmoja wa mbao uliopakwa rangi ya bluu jana, na rangi bado inanata. Mlangoni kuna kitasa kinachong'aa na utepe mwekundu. Juu yake limetundikwa bango la kitambaa, refu kama shuka mbili. Mbele ya mlango, kwenye kipaza sauti, amesimama Katibu na karatasi zake, kurasa kumi na tisa.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye bado hajafika lakini kiti chake kimefika na kimekaa mbele kwa heshima zote. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Vitasa, Bawaba, Makomeo na Vishikio vya Droo. Mheshimiwa Makamu wake na Mheshimiwa Kaimu wa Makamu wake. Mratibu wa Milango Inayofunguka kwa Nje, na mwenzake Mratibu wa Milango Inayofunguka kwa Ndani, ambao nafurahi kuona leo wameketi safu moja bila kununiana. Mama Mkunga, mwenye zahanati yake hii, aliyesimama pale na glavu mkononi utadhani hajui kwamba leo ni sherehe. Fundi wetu mpendwa, simama fundi wakuone, haya kaa. Wazee wangu, mama zangu, shemeji zangu, majirani mliokuja kwa mwaliko na mliokuja kwa kusikia spika. Na yeyote ambaye sijamtaja ajue nimemtaja moyoni, asije akanikata jicho wakati wa soda. Habari za asubuhi!

(Nzuri.)

Hiyo nzuri imelegea kama bawaba yenye skrubu moja. Habari za asubuhiii!

(Nzuriii! Makofi. Mbwa wa jirani anabweka.)

Asante, hata mbwa ameitikia. Ndugu wananchi, kabla sijaanza naomba nianze kwa kujitambulisha, ingawa najua mnanijua. Mimi ndiye Katibu Mtendaji wa Kamati niliyoitaja, na ndiye msanifu, mbunifu, mwasisi na mlezi wa Mradi Mkubwa Jumuishi wa Kufunga, Kufungua na Kubadilisha Vifaa vya Milango na Makabati katika Majengo ya Huduma, Awamu ya Kwanza, Sehemu A, ambao sisi wataalamu, kwa kuokoa muda, tunauita MMJKKKVMMMHAKSA.

(Mtu mmoja: “Pole!”)

Siyo chafya, mzee wangu, ni kifupisho.

(Vicheko.)

Tulipotoka ni mbali. Kwa miaka kumi na mmoja mlango huu mnaouona hapa nyuma yangu, ambao ndio mlango wa chumba cha kujifungulia, haukuwa na kitasa, haukuwa na komeo, haukuwa hata na kamba ya maana, na Mama Mkunga, mwanamke jasiri, alikuwa anaufunga kwa mguu. Kwa mguu, ndugu zangu! Mikono iko mbele inampokea mtoto, mguu wa kushoto umenyooshwa nyuma umenasa mlango kwa vidole, kama mtu anayecheza dansi na ukuta. Na akichoka mguu, mlango unajifungua wenyewe taratibu, maana fremu imelala upande. Takwimu zetu zinaonyesha kwamba bwana mmoja aliwahi kuingia humo akitafuta pa kung'olea jino, akatoka mbio jino limeacha kuuma. Muuza soksi naye aliingia katikati ya shughuli na akauza jozi mbili.

(Mama Mkunga: “Jozi tatu. Na alivuta kiti akakaa.”)

Jozi tatu, data imesahihishwa, huo ndio tunaita ushirikishwaji wa wadau. Sasa mimi niliposikia hayo, roho iliniuma, nikasema hapana, haiwezekani, lazima tuje na mkakati. Mtu wa kawaida angekwenda dukani akanunua komeo. Sisi hatukukurupuka. Tulianza na upembuzi yakinifu wa miezi minane kujua mlango ni nini. Tukaja na fremuweki. Tukafanya semina elekezi ya siku tano yenye mada isemayo “Ufunguo: Kulia au Kushoto?”, ambapo wadau walivutana sana, watu wakatoka nje wakarudi, na mwisho tukaafikiana kwamba upande wowote unafaa mradi uwe ni upande. Tukaingia awamu ya pailoti. Tukaingia awamu ya kutoka kwenye pailoti. Na leo hii nasimama mbele yenu kifua mbele kutangaza kwamba mradi umeshafunga vitasa vipya katika milango mia nne na kumi na mbili, sawa na asilimia tisini na saba nukta nne ya lengo, na hiyo asilimia mbili nukta sita iliyobaki ni milango yenye mtazamo hasi.

(Makofi. Mratibu wa Milango Inayofunguka kwa Nje anasimama kupunga mkono, mwenzake anamvuta koti akae.)

Na hatukuishia milangoni! Tumeingia mpaka kwenye makabati. Hapa hapa katika zahanati hii tumebadilisha vishikio vya kabati la bandeji, na kwa ubunifu wa hali ya juu vishikio tumevifunga upande wa ndani wa kabati, ili visishikwe-shikwe na kila mtu vikachakaa.

(Mama Mkunga: “Ndiyo maana bandeji nazichokoa kwa kijiko!”)

Kijiko ni teknolojia, Mama Mkunga, usijidharau. Ukurasa wa nne. Ndugu wananchi, mtu akiniuliza kitasa ni nini, mimi sitamjibu haraka, nitamwangalia kwanza machoni, halafu nitamwambia...

(Getini wanaingia wanawake wawili. Mmoja ni mjamzito, ameshika kiuno, anakwenda hatua tatu anasimama. Mwingine ni mama mkwe wake, ana beseni kichwani na mkoba begani. Mama Mkunga anawakimbilia.)

Karibuni, karibuni sana, mmechelewa kidogo lakini viti vipo pale nyuma karibu na kreti za soda.

(Mama mkwe: “Viti vya nini, mwanangu? Huyu anajifungua.”)

Hongera sana kwa familia! Makofi kwa familia!

(Makofi. Mama mkwe: “Acheni makofi, fungueni mlango!”)

Mama yangu, nakusikia, na kilio chako ni kilio cha Kamati, lakini naomba tuelewane kwa upole. Mlango huu kwa sasa upo kwenye hali ya kabla ya kuzinduliwa. Kitaratibu mlango ambao haujazinduliwa ni ukuta. Utepe anakata Mgeni Rasmi, ufunguo anaushika Mgeni Rasmi, na Mgeni Rasmi amenitumia ujumbe kwamba yuko njiani, anaoga.

(Mama Mkunga: “Katibu, kitanda cha kuzalia ni kimoja, na kiko nyuma ya huo utepe wako. Nimempima. Huyu hana nusu saa.”)

Nusu saa inatosha kabisa, mimi nimebakiza kurasa kumi na tano tu, nikisoma bila kupumua...

(Mjamzito, akiegemea kiti cha Mgeni Rasmi: “Kaka, mimi wa kwanza nilizaa hapa hapa. Watu sita walichungulia. Niliwahesabu. Wawili wakanisalimia, na mmoja mpaka leo tukikutana sokoni ananiuliza mgongo unaendeleaje. Safari hii nilitaka kubaki nyumbani. Nimekuja kwa sababu spika yenu imepita wiki nzima inasema mlango sasa unafungwa. Unafungwa au haufungwi?”)

Dada yangu, hilo ni swali zuri, tena swali la kimkakati, na nisingependa kulijibu kwa...

(Mama mkwe: “Jibu!”)

Unafungwa.

(Mjamzito: “Basi nifungulie, niingie, unifungie. Sitaki kitu kingine.”)

Sawa. Sawa. Kamati siyo jiwe. Kwa mamlaka niliyonayo kama Katibu, nakaimu nafasi ya Mgeni Rasmi kwa muda wa dakika moja. Mkasi! Mkasi uko wapi, mkasi wa sherehe wenye mpini wa dhahabu? Umesahaulika? Nani alipewa mkasi? Kila mtu anamwangalia mwenzake. Mama Mkunga ametoa mkasi wake mfukoni, asante, umechemshwa huo, safi, sherehe yetu sasa haina vijidudu. Nakata utepe, kwa niaba ya...

(Mama mkwe ameshaukata kwa meno. Vigelegele.)

Umekatika. Nautoa ufunguo kwenye bahasha, nauinua juu ili wapiga picha waone, nauingiza tunduni, na nazungusha. Mnaona jinsi unavyozunguka kwa ulaini? Nazungusha tena. Nazungusha mara ya tatu. Ni kitasa cha kisasa, ndugu zangu, kinazunguka bila kikomo, vile vya zamani vilikuwa vinafika mahali vinakwama, hiki hakina mipaka. Nazungusha kushoto. Fundi, njoo mara moja. Siyo kwamba kuna tatizo. Njoo tu tushauriane.

(Fundi anakuja, amevua kofia, anaikunjakunja. Kipaza sauti hakijazimwa. Sauti yake inasikika uwanja mzima: “Mkubwa, si nilikwambia usikishike? Hicho hakina tumbo.”)

Hakina nini?

(Fundi: “Tumbo. Lile boksi la ndani ya mlango lenye ulimi, ndilo linalofunga. Ulinipa uso tu, bamba na mkono. Nimeupiga skrubu nne juu ya mbao, basi. Ni kama miwani isiyo na macho nyuma.”)

Na mbona mlango umefungika?

(Fundi: “Nimeuvuta kwa ndani kwa waya, waya nimeuzungushia msumari wa ukutani. Wewe ulisema usijifungue kwenye picha. Mimi nikatokea dirishani.”)

Basi pitia dirishani tena!

(Fundi: “Dirisha lina komeo la zamani, zito. Niliporuka nje likadondoka lenyewe kwa ndani. Hilo ndilo komeo pekee linalofunga katika jengo hili, mkubwa, na limenifungia nje mimi.”)

Ndugu wananchi, mmesikia maelezo ya kitaalamu, na naomba yasitafsiriwe vibaya na watu wa mitandao. Kilichotokea siyo kushindwa. Ni changamoto ya mpito.

(Mjamzito analia kwa sauti, anashika kiti cha Mgeni Rasmi mpaka mguu mmoja unakatika. Mama Mkunga: “Bawaba ziko upande gani?”)

Mratibu wa Milango Inayofunguka kwa Nje, jibu, hili ni eneo lako!

(Mratibu anamnyooshea kidole mwenzake wa kwa Ndani. Fundi: “Ziko nje, mama, upande wetu. Nikigonga pini za bawaba zikatoka, mlango tunaubandua mzima.” Mama Mkunga: “Unangoja nini?”)

Jamani, mlango umezinduliwa sasa hivi! Hauna hata dakika mbili katika utumishi! Fundi, weka nyundo chini. Fundi. Basi gonga taratibu, rangi bado mbichi. Pini zina kutu? Zimeng'ang'ania? Mama mkwe amefungua mkoba, anatoa chupa ya mafuta ya kujipaka, anazimiminia. Haya hayapo kwenye mwongozo wetu wa vilainishi, mama yangu, lakini naona pini ya juu imecheza. Imetoka! Ya katikati imetoka! Ya chini, kaka zangu hapo mbele msaidieni, acheni soda, ni watu wazima nyie! Imetoka. Waya wa ndani umekatika. Pole pole, mlango unashuka, na kitasa chake, na kipande cha utepe, na koti la Mratibu limenata kwenye rangi, mvueni, mvueni koti, msimpeleke na mlango.

(Mlango unalazwa juu ya viti vitatu mbele ya Katibu. Mjamzito anaingizwa chumbani na mama mkwe. Sasa kuna tundu kubwa la mlango, na viti mia moja na ishirini vinaliangalia. Mjamzito, kutoka ndani: “Mama, wote wananiona! Wote! Afadhali ya wale sita!”)

(Mama Mkunga anatoka, anaangalia juu, anavuta bango la mradi kwa mikono miwili. Linashuka. Analitundika kwenye tundu la mlango. Maandishi yameangalia ndani.)

Mama Mkunga, hilo bango lina nembo! Lina picha yangu! Maana yake mgonjwa sasa ananiangalia mimi?

(Mama Mkunga: “Nimeigeuza juu chini, usihofu. Haya nyie wote, sikilizeni. Simameni. Geukeni. Nataka migongo. Atakayegeuza shingo namwita jina lake kwenye spika, na nawajua wote, wengi wenu nimewatoa mimi.”)

(Viti vinakwaruza. Watu wote wanageuka, waheshimiwa kwa mafundi, wanaangalia ukuta wa uzio.)

Na mimi?

(Mama Mkunga: “Na wewe geuka. Lakini usinyamaze. Bango linazuia macho, halizuii masikio, na huyu binti hataki mtaa mzima umsikie. Una spika. Ongea. Akilia, wewe panda. Nikigonga karai, shuka. Ukinyamaza kabla mtoto hajaja, nakuja na wewe huku ndani.”)

Ndugu wananchi! Nimeongea katika makongamano na mabaraza, lakini hii ni mara ya kwanza naombwa niendelee. Ukurasa wa tano! Maana halisi ya kitasa kwa mtazamo mpana! Kitasa ni nguzo, kitasa ni mhimili, kitasa ni...

(Kilio kutoka ndani.)

KITASA NI MAENDELEO! KITASA NI UTAWALA BORA! UKURASA WA SITA! FAIDA ZA KITASA KWA VIJANA! FAIDA ZA KITASA KWA WAZEE! FAIDA ZA KITASA KWA WATU WASIO NA MLANGO!

(Karai linagongwa.)

...na kwa makundi mengine. Nashuka. Amepumzika, pole dada. Ukurasa wa saba ni jedwali, siwezi kulisoma mkiwa mmenipa migongo, lakini niaminini ni zuri. Ukurasa wa nane, picha. Wa tisa, picha. Wa kumi, picha. Kumi na moja ni kuhusu droo. Droo, ndugu zangu, ina reli mbili, ya kulia na ya kushoto, na zisipokwenda pamoja droo inakaa mshazari kama Waratibu wangu pale...

(Kilio.)

RELI ZA DROO! RELI ZA DROO! SUMAKU ZA MAKABATI! TATHMINI! MONITARINGI! IMPAKTI! UKURASA WA KUMI NA MBILI UMERUDIWA! WA KUMI NA TATU NI ORODHA YA WALIOHUDHURIA ORODHA YA KUMI NA MBILI!

(Karai.)

Mama Mkunga, bado sana? Nauliza tu kwa ajili ya ratiba.

(Mama Mkunga: “Bado. Ongea.”)

Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita ni tupu, printa iligoma. Kumi na saba, kumi na nane. Kumi na tisa: “Mwisho, napenda kumalizia kwa kusema asanteni.” Zimeisha. Ndugu wananchi, karatasi zimeisha.

(Kutoka ndani, mjamzito, sauti ndogo: “Asinyamaze, mama, tafadhali. Asinyamaze.” Mama mkwe: “Baba wa vitasa! Ongea chochote!”)

Chochote. Haya. Nitaongea chochote. Sina kitu mkononi, nauangalia uzio tu, na nyie mnauangalia uzio, hakuna anayemwona mwenzake usoni, labda ndiyo inafaa. Ile milango mia nne na kumi na mbili. Fundi, usicheke, mabega yako nayaona. Ni picha mia nne na kumi na mbili, ndugu zangu. Kitasa ni hiki kimoja. Fundi anakibeba kwenye mfuko wa nguo, anakipiga skrubu nne mlangoni, tunapiga picha, anazifungua, tunakwenda mlango wa pili. Siku nzuri tulikuwa tunafikisha milango kumi na tano, na skrubu mpaka vichwa vimelika, bisibisi inateleza.

(Minong'ono. Migongo inatikisika. Sauti moja: “Nilijua! Mlango wangu una matundu manne tu!”)

Matundu hayo ni alama ya mradi, mzee wangu, utunze. Hapana, samahani, mazoea. Pole kwa matundu. Na hawa waheshimiwa wa mbele, Waratibu, huyu wa kwa nje ni mdogo wangu, yule wa kwa ndani ni mume wa dada yangu, niliwaambia waje na koti na wasiongee. Hawanuniani kwa sababu za kikazi, wananuniana kwa sababu ya baiskeli.

(Kilio kirefu. Mama Mkunga: “Panda!”)

MWENYEKITI NI MIMI! MAKAMU NI MIMI! KAIMU WA MAKAMU NI MIMI NIKIWA SAFARINI! MGENI RASMI HAYUKO NJIANI, SIKUMWALIKA, NINGEMWALIKA NANI? KITASA NI CHA MLANGO WA SEBULE YA MAMA MKWE WANGU! NILIKIFUNGUA AKIWA KWA DADA YAKE! TUMBO LAKE LIMEBAKI KULE MLANGONI, ANAWEKA KITAMBAA KWENYE TUNDU KUZUIA UPEPO, NA MIMI NDIYE NILIYEMSHIKIA KITAMBAA!

(Mama mkwe wa mjamzito, kutoka ndani: “Mshenzi wewe! Endelea!”)

NAENDELEA! DADA, SUKUMA! SIJUI KAMA NARUHUSIWA KUSEMA HIVYO LAKINI SUKUMA!

(Uwanja mzima, migongo yote: “Sukuma! Sukuma!” Mratibu wa kwa Nje na Mratibu wa kwa Ndani wameshikana mikono.)

ANDIKO LA MRADI HALIJAWAHI KUANDIKWA! OFISI YETU IMEJIFUNGA TANGU MWEZI WA PILI, KITASA KIMEGOMA, UFUNGUO UMEKATIKIA NDANI, NA MIMI NIMEONA AIBU KUMWITA FUNDI! NAFANYIA KAZI NGAZINI! MUHURI UKO NDANI! KALAMU IKO NDANI! CHAKULA CHANGU CHA MWEZI WA PILI KIKO NDANI!

(Mtoto analia.)

(Vigelegele, makofi, mtu anakumbatia mtu asiyemjua, lakini hakuna aliyegeuza shingo. Mama mkwe anatokeza kichwa pembeni ya bango, anafuta jasho: “Msichana. Mzima. Na hakuna aliyechungulia. Nimehesabu mimi.”)

Asante. Ndugu wananchi, sijui kwa nini nalia, mimi hata si ndugu.

(Mama Mkunga anatoka, anavua glavu: “Sasa nataka mlango wangu. Mama anaoshwa, bango lina upepo. Fundi, urudishe.” Fundi na wanaume wanne wanainua mlango, wanaingiza pini. Fundi anauachia. Mlango unajifungua wenyewe, taratibu.)

(Mama Mkunga: “Ushike huo.”)

Nani?

(Mama Mkunga: “Wewe. Kwani kuna mwingine amekuja hapa kwa kazi ya kitasa?”)

Nimeushika, Mama Mkunga. Nausukuma. Mikono miwili? Mikono miwili. Fundi, na wewe unakwenda wapi na baiskeli?

(Fundi: “Nyumbani. Mlango wa choo chetu una komeo zuri la chuma na skrubu zake zote. Nalileta hapa nalifunga. Sisi kule tutakuwa tunakohoa mtu akiwa ndani, tumezoeana.” Anapanda, anaondoka.)

Basi, waheshimiwa, na mnaweza kugeuka sasa, mama amesitirika, Mama Mkunga ameruhusu. Kwa vile siwezi kupunga mkono wala kufunua karatasi, nitafunga hotuba hivi hivi nikiwa nimeuegemea mlango, maana nikiachia kidogo tu binti wa watu anaonekana. Naomba kauli mbiu tuitamke kwa sauti ya chini, mtoto amelala. Usichungulie!

(Kwa kunong'ona, wote: “Hatuchungulii!”)

Hodi kwanza!

(“Hodi kwanza!”)

Na shukrani. Namshukuru mama mkwe wa ndani kwa mafuta, na mama mkwe wangu, popote alipo, kwa uso wa kitasa chake, ambao namrudishia leo kwa mikono yangu, nitakapopata mikono. Namshukuru dada kwa kuniomba nisinyamaze, maana katika miaka yangu yote ya uongozi hakuna aliyewahi. Nawashukuru wakazi wa milango mia nne na kumi na mbili kwa uvumilivu wenu katika mradi ambao haukuwahi kuanza, haukuwahi kuandikwa, wala haukuwahi kuwa mradi, na kwa hiyo nafurahi kutangaza kwamba hauna ucheleweshaji wowote.

(Makofi ya vidole viwili viwili, kwa ajili ya mtoto.)

Asanteni sana. Soda chukueni wenyewe, na mmoja wenu tafadhali aniletee yangu hapa, aninyweshe kwa mrija, mimi sitatoka mlangoni mpaka fundi arudi. Na anikune pua.

(Mama Mkunga anaweka kiti, siyo cha Mgeni Rasmi, kile kimevunjika, anakaa kando yake na kunyoosha mguu wa kushoto mbele, mrefu, anauangalia kama mtu anayeona mguu wake baada ya miaka kumi na mmoja. “Sukuma kidogo,” anamwambia. “Kuna upenyo.” Katibu anasukuma.)